Milango Niliyoipigia Hodi Mara Mbili

Masalkheri mama zangu, dada zangu. Mwenyekiti ameniambia niseme nikiwa nimekaa, lakini haya nikiyasema nimekaa nitayakatiza njiani. Nitasimama.

Wengi mwanijua. Kwa wageni, mimi ni mwalishi. Kukiwa na harusi hapa Mji wa Kale, kadi hazitoshi. Familia humtuma mwanamke apite nyumba kwa nyumba, apige hodi, atoe salamu za wenyewe na aalike kwa mdomo. Kazi hii niliirithi kwa mamangu. Na mtu akialikwa hivyo hamuulizi mwalishi maswali, ni kukosa adabu. Husema, "Inshallah tutakuja," basi.

Adabu hiyo ndiyo niliyoitumia vibaya.

Jamaa yangu mmoja alinionyesha soko la kripto, hizi sarafu za mtandaoni, waziona kwenye simu tu, huzishiki. Nikatia akiba yangu ya kuezekea paa. Baada ya mwezi ikaonekana imezidi, nikajaribu kutoa kidogo, ikatoka kweli. Nikaona nimefika. Na soko lile lilikuwa na utaratibu wake: ukimleta mtu, watiliwa shilingi mia mbili. Nikajiambia, kwani wenye harusi hawanipi bahashishi? Si yale yale? Ndugu zangu, nawaambia, Ibilisi haji na pembe. Huja na hesabu ndogo ndogo.

Nikavaa buibui langu la kualikia. Nikapita Kuze, nikapita Kibokoni mpaka Makadara, milango kumi na tisa. "Nimekuja na la heri," nawaambia. Hakuna aliyeniuliza kitu, wakatia pesa zao kwenye soko lile. Ya mia mbili sikuyataja.

Asubuhi moja nikafungua simu, pesa zaonekana lakini hazitoki. Wameandika kwamba wanafanya marekebisho. Wiki ya pili hata hayo maandishi hayakuwapo. Redioni wakasema soko limeanguka na wenyewe hawajulikani waliko. Wale wa milango kumi na tisa walikuja kwangu siku tatu, wakalia, wakanitukana, kisha wakanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikoniumiza.

Ramadhani ikaingia. Nikampelekea jirani sahani ya kaimati, kama kila mwaka. Mwajua kwetu sahani hairudi tupu. Yangu ilirudi imejaa, kaimati zangu zile zile, na kitambaa changu juu yake. Nikafuturu nazo peke yangu, nikazimaliza zote. Msicheke. Haya, chekeni. Nilikuwa mpweke hata nikawa naongea na birika.

Baada ya Idi kukawa na harusi mtaani. Nikamsikia mwalishi mwingine akipiga hodi mlango wa kushoto kwangu, kisha wa kulia. Wangu akauruka. Miaka yote niliyoalika watu, sikuwahi kufikiri kwamba aliyerukwa yuko ndani, anasikia. Basi nikiwa nyuma ya dirisha nikamsikia jirani akimuuliza, "Kwanza nambie, ni harusi kweli, au ni yale mambo ya simu?"

Mwenzangu ikambidi aape. "Wallahi ni harusi."

Nikakaa chini. Mamangu alialika mpaka kufa kwake, na hakuapishwa mlangoni hata siku moja. Nilidhani nimeharibu jina langu tu. Kumbe nimeharibu hodi ya kila mtu.

Kesho yake, baada ya alasiri, nikatoka. Mlango wa kwanza ulifungwa nikiwa bado natoa salamu. Wa pili haukufunguliwa kabisa. Wa tatu ni wa bibi mmoja mjane, aliyetia pesa alizokuwa akijiwekea za kwendea umra. Nikamwambia, "Bibi, nimekuja kukwambia kuwa nilikukosea."

"Hilo nalijua. Ulipawa ngapi kwa kichwa changu?"

"Mia mbili, bibi."

Akanitazama sana. "Mia mbili," akasema. "Hata kuku hauzwi hivyo."

Nikageuka niende zangu. Akaniita. "Wenda wapi?"

"Milango mingine, bibi."

"Ngoja nivae buibui. Sijakusamehe, usijidanganye. Lakini peke yako hawatakufungulia."

Tukafuatana. Kila mlango alibisha yeye, nikasema mimi, na zile mia mbili nikazitaja kabla sijaulizwa. Waliofungua nimewarudishia zote, kwa kuuza mahamri. Zilizozama sina uwezo nazo, na sitawadanganya watu mara ya pili kwa kusema zitarudi. Milango saba haijafunguka mpaka leo. Wako wanaovuka barabara wakiniona, na bado inaniuma.

Bibi yule yuko hapa. Sitamtaja, maana ameshanikazia macho. Ahsante, bibi. Na nyinyi wa chama hiki mlinipa kiti mkaninyima ufunguo wa sanduku la akiba. Ahsanteni kwa kiti, na kwa kuninyima pia.

Nina moja tu la kuwaachia. Adabu ni njema, lakini mtu akija mlangoni na habari za pesa, muulize: wewe wapata nini? Muulize hata akiwa nduguyo. Hata nikija mimi. Na nikikasirika kwa kuulizwa, nifungie mlango.