Celestin Ainebyona, Mfungaji wa Namba

Mchungaji, wazee wetu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kulia nasi, mimi ni Mackrine, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya kaka yangu, mnivumilie sauti ikikatika.

Marehemu Celestin Ainebyona alizaliwa tarehe 14 Agosti 1985 Nyakatuntu, wakati Kyerwa ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Protase na mama yetu Kokushubira, aliyeketi hapa mbele, akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri mwaka huohuo.

Alianza shule ya msingi hapo kijijini mwaka 1993, na siku ya kwanza alirudi na shikamoo mdomoni, lakini mama, ambaye Kiswahili hakukitaka nyumbani kwake, aliendelea kumenya ndizi kana kwamba hakusikia, mpaka alipoamkiwa kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, ndipo akaitika, na ikawa hivyo miaka yote, hata marehemu alipomaliza sekondari Karagwe mwaka 2003, kidato cha sita Bukoba mwaka 2006 na shahada ya kompyuta Dar es Salaam mwaka 2009.

Januari 2010 aliajiriwa Mwanza katika timu ya kutengeneza maktaba, ndivyo watu wa kompyuta wanavyoita fungu la programu zilizokwisha kuandikwa ili wengine wazitumie bila kuanza upya, na maktaba yao ilipokea uzito wa watoto kutoka kliniki. Mwaka 2017 iliamuliwa maktaba ihesabu kwa kilo, wakati programu za zahanati za zamani zilituma gramu na kusubiri gramu, kwa hiyo mtoto wa gramu elfu tisa angesomeka mzito kuliko lori, na wenzake wakashauri zahanati hizo ziachwe. Marehemu alikataa katakata, akatengeneza aina mpya ya kufungia namba, yaani namba haiingii uchi, inaingia imefungwa pamoja na kipimo chake, maktaba inaifungua na kuhesabu kwa kilo, na jibu linapotoka linafungwa tena kwa gramu kwa anayetaka gramu, wa zamani na wapya wakahudumiwa pamoja. Mimi alinieleza kwa senene za mama, wale panzi wa kukaanga, kwamba za jirani mama huzifunga kwa jani la mgomba na za Mwanza huzitia kwenye kopo, ila senene ni zilezile.

Tarehe 28 Desemba 2013 alifunga ndoa Muleba na wifi yangu Adelgunda, wakajaliwa Prudensia mwaka 2015 na Novatus mwaka 2018, na mwaka uliofuata wakahamia Kanoni, Karagwe, ambako vijana waliposikia kwamba kazini anaitwa Mfungaji walimpanga mshambuliaji wa timu ya kata, maskini, mtu asiyeweza kupiga hata penalti, tulicheka mpaka basi.

Machi 2024 sauti yake ilianza kukwaruza, akapimwa hospitali ya Nyakahanga, akapewa rufaa Mwanza, ikaonekana saratani ya koo, na tarehe 16 Julai alifanyiwa upasuaji ulioondoa sauti kabisa. Mama alihamia Kanoni kumuuguza, na hapo ndipo tulipoumia, kwa sababu marehemu sasa aliweza kuandika tu, na mama hajui kusoma. Wifi akasimama katikati, marehemu akiandika Kiswahili, maana ndicho alichojifunza kuandika, yeye akimwambia mama kwa Kihaya chake, ambacho mama anakisikia vizuri, hata marehemu akaandika kwamba naye sasa amepata wa kumfungia maneno. Lakini mama alilalamika kwamba anamsikia mkwe, hamsikii mwanawe, na aliogopa mtoto ataondoka bila kumsikia tena.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, marehemu aliandika neno moja, na wifi kwa uchovu akalisoma lilivyo, shikamoo, akasahau kuligeuza. Mama alimshika mkono, akaitika kwa Kiswahili, marahaba mwanangu, kisha akaongeza kwa Kinyambo kwamba leo amemsikia mwenyewe. Kaka alitabasamu, na mchana huo akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakahanga na Mwanza, majirani wa Kanoni mliotuletea ndizi na kuni, wafanyakazi wenzake mliosafiri kutoka mbali, na wewe wifi, hatuna cha kukulipa.

Kaka Celestin, mimi mdogo wako nakuamkia kwa mara ya mwisho, shikamoo, na usipoitika mama ataitika kwa niaba yako, pumzika kwa amani.