Nyama ya Ngurario Niliitafuna Mwenyewe

Bwana asifiwe! Wenye meno na wasio na meno, itikeni amina! Naitwa Wanjiku, au Shiku, mzaliwa wa mtaa wa Landless kule Thika. Hapa Ruiru nimeletwa na ndoa.

Ndugu zangu, mimi meno ya utotoni niliota machache tu, na yalipong'oka hakuna kilichofuata. Baba yangu yuko hivyo, na shosho, mama yake, alikuwa hivyo. Mtaani wakasema ni laana ya ukoo. Niliombewa ivunjike, nikaambiwa nifunge kula, mimi ambaye hata githeri, mahindi na maharagwe, nilipondewa! Nilikuwa nikicheka nimeziba mdomo.

Mama akanipeleka mimi na baba kwa daktari wa meno mjini Thika. Yule mwanamke, Mungu ambariki! Alitupiga eksirei, mimi na baba, akasema, "Hii si laana. Mnarithi tu, kama vile watu hurithi urefu."

Nilitaka anipandikizie meno siku hiyo hiyo. Akakataa! "Shiku, taya bado linakua. Nikikuwekea saa hii, taya litakua na meno yatabaki nyuma." Akanipa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, akayabadilisha kadiri nilivyokua. Nilimkasirikia, siwafichi. Lakini hakuyumba.

Miaka ikapita, Kamau akaja kuposa. Mnajua ngurario, harusi yetu ya kimila: bwana anakata bega la mbuzi choma na kumlisha bibi mbele ya wazee. Niliogopa jamani! Meno yakianguka kwa sinia, wakwe watasema nini? Nikamwambia Kamau tuahirishe. Akasema, "Haki, hata mimi nitangoja."

Sasa taya lilikuwa limekomaa. Daktari akachimbia skrubu ndogo za madini ya titani mfupani, tukangoja zishike, ndipo akafunga meno juu yake. Kazi safi!

Siku ya ngurario Kamau akanichagulia kipande kigumu, yule mtu! Nikatafuna. Nikatafuna, ndugu zangu! Baba alilia mbele ya wakwe bila aibu.

Leo nina mimba, na mtoto anaweza kurithi hali hii. Juzi nilimwambia mama mkwe. Akasema, "Si tutampeleka kwa huyo daktari wako?" Hivyo tu! Neno laana halikutajwa.

Namshukuru Mungu aliyempa daktari yule mikono na subira. Mzazi mwenye mtoto kama mimi, usimfiche. Mwamini Mungu, mpeleke hospitali, na ukiambiwa ngoja, ngoja. Ukiwa na shaka, njoo hapa mbele sasa hivi. Nitafungua mdomo uone!