Picha za Siku Isiyo Sikukuu

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa hapa kitandani, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na haya nitakayowaambia sitaki yasikike nusu. Shee, kaa upande wa kichwa. Mabruka, nishike miguu, ina baridi. Lali, usisimame hapo kama mgeni, njoo kwa nduguzo. Baba yenu mwacheni pale dirishani kwenye kiti chake, haya anayajua. Juzi daktari alizungumza naye kwa sauti ya chini wakidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Basi niacheni niseme ningali na pumzi, na mkiona nimenyamaza msinikatize, nitakuwa napumzika tu.

Naanza na mali, tuimalize, kwa kuwa ni kidogo. Nyumba hii ya Woodley ni ya kanjo, ya baraza la jiji, si yetu, na baba yenu ataishi humu maadamu yu hai. Asije mmoja wenu akamhamisha kwa kusema vyumba ni vingi kwa mtu mmoja. Bangili nilishamvika Mabruka mbele ya baba yake, hiyo ni hiba, haimo katika mirathi, wala asiulizwe mtu. Cherehani mpelekeeni Wangu, jirani yetu, aliyenilelea Lali nilipolazwa mara ya kwanza. Atakataa, nanyi iacheni mlangoni kwake muondoke. Kamera ni ya Lali, kwa sababu macho ya baba yenu hayazioni tena zile namba ndogo za pembeni.

Zinabaki picha, na picha ndizo zilizonifanya niwaite. Niliwasikia barazani, Shee na dada yako, mkigombana kwa kunong'ona. Ulisema, Shee, kwamba mama akishafumba macho, picha zote alizopigwa kichwa wazi zichomwe, ili asitazamwe na wasiomhusu. Naye Mabruka akasema atakayeleta kiberiti karibu na lile sanduku la picha asimwite ndugu tena. Sikukasirika na yeyote. Wewe ni mwalimu wa madrasa, umesema kwa kunistahi, na dada yako amesema kwa kunipenda. Lakini mlikuwa wadogo, hamjui zile picha zilikujaje humu ndani, na mtu asihukumu kitu kabla hajajua kilikotoka.

Nilipoletwa Nairobi kutoka Lamu, mwaka uliofuata Uhuru, nilimkuta baba yenu ni mgane mwenye watoto wawili, Shee na Mabruka, karani wa kampuni ya bima pale Government Road, mtu wa suruali iliyonyooshwa na maneno machache. Mama yenu Kijakazi, Mungu amrehemu, alikuwa amefariki, na ndani ya nyumba ile tuliyokaa kwanza, mtaa wa Pangani, aliyebaki wake ni picha moja tu ukutani. Ilipigwa studio, River Road. Nyuma yake kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, naye amekaa kitini, mikono magotini, uso mkavu, kwa sababu mpiga picha alimwambia asitikisike. Wewe Mabruka ulikuwa huna hata miaka minne. Ulikuwa ukisimama chini ya picha ile ukiitazama, na siku moja ukanivuta kanga ukaniuliza, "Huyu bibi amekasirika nini?"

Mimi sikupata kumjua. Shee alimjua, lakini Shee siku hizo hasemi nami ila kwa lazima; aliniita Bi Mwanasiti, kwa adabu zote, na majirani wakiniita Mama Shee alikuwa akitoka nje. Na baba yenu, kila nilipomuuliza Kijakazi alikuwa mtu wa namna gani, alinitazama kisha akainuka kwenda kukagua bomba la maji, ambalo halikuwa na kasoro.

Tukahamia hapa Woodley. Lali ulikuwa tumboni. Jumapili moja baada ya chakula nilikuwa nachagua mchele pale ngazi ya jikoni, Mabruka ameniegemea mgongoni, jua la Nairobi lile la saa nane linalopasha bila kuunguza, na likanijia jambo, nikamwambia baba yenu anunue kamera atupige picha hivi tulivyo. Alicheka. Akasema picha ni za Idi na za arusi, na nani aliyewahi kupigwa picha akichagua mchele? Watu wakija, wataonyeshwa nini, sinia?

Nikamwambia, "Baba Shee, Kijakazi alikupikia, alikucheka, alikubebea watoto mgongoni, alilala na kuamka nawe miaka yote ile, na leo amebaki amekaa kitini. Mimi nikienda, usiniache kitini."

Alichukua kofia yake akatoka, na mimi nikabaki nimeinamia mchele nikijua nimemgusa penye kidonda. Akapotea alasiri nzima. Aliporudi alikuwa na kamera iliyokwisha kutumika, ameinunua kwa Mhindi mmoja wa Bazaar Street aliyemfungulia duka siku isiyo ya kazi, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la Ngong Road, kwa kuwa alikuwa na mawazo mengi hata akasahau kupanda basi.

Mwanzoni hakujua nilichotaka. Alitupanga kwenye nyasi kwa urefu, akatuamuru tusipepese macho. Nikawa namwambia, si hivyo, mume wangu, usituite, tujie tu. Akajifunza. Akawa anakaa na kamera yake mahali kama mtu anayesoma gazeti, hadi tukamsahau, na hapo ndipo tulipomsikia, ka, keshapiga. Alinipiga nikianika nguo. Alimpiga Mabruka ndani ya beseni. Lali ulipozaliwa alinipiga nikikunyonyesha, nywele zangu zimefumuka, usingizi umenijaa usoni.

Basi hapo ndipo alipokwama, kwa jambo lile lile linalokusumbua wewe, Shee. Alijua kuwa mkanda ule wa filamu ukienda dukani utasafishwa na mwanamume asiyenihusu, ambaye ataniona alivyoniona yeye. Alinitazama, akautoa mkanda, akaufunga kwenye karatasi na kuuweka kabatini kati ya mashati yake. Ukafuata wa pili, na wa tatu. Hakuacha kupiga, wala hakuzisafisha. Sikumsukuma.

Kulikuwa na kijana Mkamba, Kilonzo, akifanya kazi ya kusafisha picha katika studio moja karibu na ofisi yao, wakinywa chai pamoja saa ya mapumziko. Baba yenu akamweleza shida yake kwa kuzungukazunguka, naye Kilonzo akamwelewa upesi. Akamwambia, "Mzee, hii kazi si uchawi. Wewe nunua dawa, tafuta beseni tatu, mimi nitaonyesha wewe. Na sitaangalia mkanda yako. Nitafundisha na yangu." Nataka msikie hayo vizuri. Mtu wa dini nyingine na kabila jingine, aliilinda heshima yangu bila kuonekana anailinda. Alikuja hapa Jumapili mbili, akafundisha kwa picha za arusi ya dada yake, akala wali, akaenda. Deni tulilo nalo kwake halilipiki kwa kitu. Yuko Kawangware siku hizi. Nikiisha kuzikwa, nendeni nyote watatu mkamwambie mwenyewe, msimtume mtu.

Chumba chetu cha kuogea ndicho kilichokuwa studio. Blanketi la kijivu dirishani, taa iliyofungwa kitambaa chekundu, na masinia yangu matatu ya kupakulia, ambayo sikuyatumia tena kwa chakula. Shee ulikaa mlangoni usiruhusu mtu kufungua. Baba yenu aliubandika mkanda uliokwisha kusafishwa juu ya karatasi, kioo juu yake, akawasha taa, akazima, akaitia ile karatasi katika dawa, na tukasimama tumeinama, mabega yamegusana. Kwanza hakuna kitu, karatasi nyeupe. Kisha kikaja kivuli, kisha mkono wangu wenye kitana, kisha Mabruka, ninamsuka, ametupa kichwa nyuma anacheka hadi ufizi.

Baba yenu alisahau kuitoa. Ikaanza kuwa nyeusi, nikamwambia, inaungua hiyo. Hakusikia. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa akicheka mama yake. Hivi hivi, shingo nyuma." Akakaa juu ya ukingo wa bafu akalia, na mimi nikamshika kichwa. Nilikuwa sijamwona akilia. Picha ile iliharibika, akatengeneza nyingine, ndiyo iliyomo sandukuni.

Siku hiyo tulichelewa kula, na tulipokula alizungumza. Mnakumbuka? Aliwaambia kwamba mama yenu alikuwa akitumia mkono wa kushoto, kwamba alimwogopa ng'ombe yeyote hata aliyefungwa, kwamba alikuwa akiimba akifua na maneno ya nyimbo anayatunga mwenyewe, mengi ya kumsema mumewe. Shee uliweka kijiko chini ukasema, "Na alikuwa akinipulizia uji." Ulikuwa hujawahi kumtaja mbele yangu. Kwa hiyo yule mama mnayemjua leo, mlimjua siku ile. Ami yenu Mabruki alipokuja kututembelea akaona picha zimejaa ukutani, zile nilizojifunika kichwa, alisema sebuleni, nami nasikia, kwamba mke wa pili anatandaza uso wake ili amfukuze marehemu. Neno lile nimekaa nalo muda mrefu, lilinichoma. Sasa nimemsamehe. Akija mazikoni mpeni kiti, msimwonyeshe uso wa kununa.

Nipeni maji... Kidogo tu. Imetosha.

Mabruka, ingiza mkono chini ya mto wangu. Kuna bahasha. Mpe kakako.

Itazame, Shee. Hiyo hukuwahi kuiona, niliificha mimi, kwa sababu ulikuwa mvulana mwenye fahari na ungeona haya. Ulishikwa na surua mwezi wa Julai, baridi ile ya hapa inayoingia mifupani. Nilikulaza kwenye kochi, nawe katika homa ukatambaa ukaweka kichwa mapajani mwangu, ukashika pindo la nguo yangu ukalala. Ulikuwa ukitetemeka. Blanketi lilikuwa chumbani, na nikiinuka ningekuamsha, nawe ulikuwa hujalala siku nyingi. Nikaivua kanga yangu ya kichwani nikakufunika. Baba yako akarudi kutoka kazini Jumamosi adhuhuri, akasimama mlangoni, akatutazama kitambo, akapiga.

Unaiona? Kichwa changu ki wazi kwa sababu kanga iko juu yako.

Hiyo ni yako. Sikuagizi la kuifanyia. Ukiona kwa elimu yako inastahili moto, ichome, nami sitakuwa na kinyongo nawe hapa wala huko niendako. Nyingine zote nimemkabidhi Mabruka na wasia wangu juu yake ni huu: zisionyeshwe kwa wageni, zisitoke mikononi mwenu, wazione wanangu na wajukuu zangu wa kike na wa kiume. Nawe Mabruka neno la kiberiti ulifute leo, mbele yangu, kakako si adui yako.

Usiniinamie hivyo, mwanangu. Inua uso. Ukilia wewe, Lali naye atalia.

Ulipoamka siku ile uliomba maji, ukasema, mama, nina kiu. Hukujua umesema. Mimi nilijua.

Nizikeni Kariokor, karibu na Kijakazi pakipatikana nafasi, pasipopatikana popote patafaa. Msicheleweshe kwa kuwasubiri wa Lamu. Na baba yenu, kwa kuwa macho yake yanazidi kufifia, mmoja wenu aje kila Ijumaa baada ya sala, akae naye, atoe picha moja moja amweleze. Usimwambie, huyu ni mama. Anajua ni mama. Mwambie nilikuwa nafanya nini, nimeshika nini, jua lilikuwa upande gani. Yeye mwenyewe atamalizia. Akirudia habari ile ile, msikilizeni.

Lali, wewe... wewe piga watu wakiwa katika shughuli zao. Usiwapange.

Radhi zangu nawapa nyote, sawasawa, niliyemzaa na niliowakuta. Mungu awape nyumba zenye kelele. Awape wa kuwasubiri mrudipo. Mkikosana, mkosane kwa siku moja, msiilaze hasira...

Pumzi imekuwa fupi. Baba Shee, njoo. Acha kiti, kaa hapa. Huo mkono wako una joto.

Sasa msiseme neno. Mabruka, vuta pazia, mwanga uingie. Ngojeni hivyo hivyo mlivyo... nataka kuwatazama.