Jumamosi Zangu za Maabara

Bwana asifiwe, watu wa Mungu. Asifiwe tena. Leo naomba msinipigie makofi bado, kwa sababu ushuhuda wangu si wa kuruka ruka. Ni wa kusikitika kwanza, halafu kushukuru.

Wengi mnanijua kama Roda wa sifa. Wageni, mimi ni mzaliwa wa Kimilili, na hapa Muscat nakaa mapokezi kwenye kliniki moja ya Wadi Kabir. Tangu nilipomuuguza mama nikiwa msichana mdogo, ndoto yangu imekuwa moja tu: kuwa nesi. Si kukaa mapokezi ya nesi. Kuwa nesi mwenyewe.

Ndugu zangu, Mungu alinifungulia mlango. Chuo kimoja cha hapa mjini kilinipokea nisome stashahada ya masomo ya jumla, miaka miwili, jioni baada ya kazi. Mpango ulikuwa nikimaliza nihamie chuo kikuu, niingie moja kwa moja mwaka wa tatu wa uuguzi. Uzuri wa masomo ya jumla ni kwamba unajichagulia kozi. Na ubaya wake, ndugu zangu, ni huo huo.

Biolojia na kemia zilikuwa na maabara, na kwa sisi wafanyakazi maabara ilikuwa Jumamosi asubuhi. Sasa mnajua ukumbi huu tunaugawana na makanisa mengine. Ijumaa, siku ya mapumziko huku, yote ina wenyewe tangu alfajiri, sisi wa Kiswahili tulipewa Jumamosi. Na Jumamosi asubuhi Roda yuko hapa mbele na maiki. Nikajiambia siwezi kuacha madhabahu kwa ajili ya chupa za kemia. Kila muhula nikaziruka, nikachukua zilizokuwa jioni: Kiingereza, hesabu, historia, mawasiliano, utalii, hata kozi ya sanaa za maonyesho nilichukua mimi. Nilifaulu zote. Mlikuwa mnaniombea, mnaniambia Bwana atafanya njia, nami nikaitika amina kwa sauti kubwa.

Bi Zuwena, msimamizi wetu pale kliniki, Mwomani aliyelelewa na bibi yake wa Unguja, aliniuliza mapema kabisa. Akasema, "Roda mwanangu, huko chuo kikuu unakotaka kwenda, umekwenda ukawauliza wanataka nini? Mie nnaona unasoma tu." Nikamwambia Mungu anajua. Moyoni nikasema huyu mama si wa imani yetu, mambo ya kuamini hawezi kuyaelewa. Ndugu zangu, neno hilo linaniuma mpaka leo. Alikuwa ananipa jibu la maombi yenu, nami nikalirudisha.

Mnakumbuka nilipomaliza. Tulienda Qantab ufukweni, mkapika pilau na chapati, mkaniimbia, mkaanza kuniita Sista Nesi. Nikashukuru kwa imani kabla barua ya chuo kikuu haijaja. Ilipokuja, walikuwa wamekubali Kiingereza na hesabu tu. Zile nyingine zote, uuguzi hauzihitaji. Mwaka wa tatu haupo. Hata wa kwanza haupo, mpaka niwe na biolojia na kemia.

Nililia pale mapokezi mgonjwa akiwa amesimama mbele yangu na kadi yake mkononi. Na wiki zilizofuata nilisimama hapa nikawaongoza kuimba, mkiniita Sista Nesi, nami nilikuwa mtupu ndani. Mfilipino mmoja tuliyeanza naye darasa moja, yeye alikaa maabara Jumamosi zote hizo. Sasa yuko wodini kwa mafunzo, na sare yake. Tulikutana Mutrah, akanikumbatia. Nilifurahi naye, lakini niliumia sana.

Ni Bi Zuwena aliyeniinua. Hakunikumbusha maneno yake hata kidogo. Alifunga mkoba akasema, "Haya, futa machozi. Tunakwenda sote." Akanipeleka kwa gari lake mpaka ofisi ya udahili ya chuo kikuu. Mama wa pale alinieleza polepole, kwa upole, kwamba mpango wa kuhama unaanzia kule mwisho: unachagua chuo kikuu kwanza, unawauliza kozi gani wanazipokea, ndipo unarudi chuoni kwako kuchagua. Masomo ya jumla hayana kosa, alisema. Mimi ndiye sikuuliza. Na kuuliza kwenyewe hakukumaliza hata nusu saa.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua, ndugu zangu. Hakunifungulia mwaka wa tatu. Alinifungua nikaona kwamba nilikuwa nakimbilia maombi kwa sababu naogopa kuuliza, nisije nikaambiwa hapana. Nikaita huo uoga imani. Siku hizi naomba, halafu napiga simu.

Miaka ile hairudi. Nilimwomba Mungu anirudishie, akanipa nafasi ya kuanza tena, na hicho ndicho ninachomshukuru leo kwa moyo wote. Chuo kimenikubalia biolojia na kemia muhula huu. Wewe uliyekaa hapo na ndoto yako, mtegemee Bwana bila kusitasita, na kesho asubuhi uende ukaulize. Hata kama atakayekujibu hasali unaposali wewe.

Maabara bado ni Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo leo ndiyo mwisho wangu hapa mbele, na msiseme Roda amepoa kiroho. Maiki ninaiweka hapa mezani. Dada au kaka atakayekuja kuichukua, kabla hajaishika, atuambie kwanza kama Jumamosi ana darasa.