Msiwaambie Kwanza Kwamba Nimekufa

Sogeeni karibu, wanangu, nyote wawili, na wewe Karani acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme, kaa hapo kitandani upande wa miguu, na dada yako akae huku kwenye kiti, maana leo nitasema na sitarudia, pumzi yenyewe mnaisikia inavyokwaruza. Wewe binti yangu, kitinda mimba, ni muuguzi, umeona wengi wakiondoka na unajua kuliko mimi kilichobaki, kwa hiyo usinifariji. Zima hiyo feni, inanimeza sauti. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu ndipo mlie au mgombane, hiari yenu.

Nyumba haina maneno. Vyumba vya mbele ni vya Karani, vya nyuma ni vya dada yake, karatasi ziko kwa wakili, na sitaki nisikie huko niliko kwamba kuna mtu anapima ukuta kwa hatua. Vyombo vyangu vya kujalidia vitabu, mashine ya kukatia karatasi, vibano vya mbao, sindano, nyuzi na ile nyundo ndogo, mpeni jirani yetu mshona viatu, kwa sababu mtaa mzima ni yeye peke yake anayejua kwamba sindano ya mtu haichokolewi meno. Vitabu vya kabatini gawaneni, anayesoma achukue vingi, asiyesoma asijifanye. Hayo ni mepesi. Lililonikaba koo ni hiki kishikwambi kilicho chini ya mto wangu.

Mnajua miaka arobaini ya kushona kurasa ilivyoniharibu macho. Mama yenu ndiye aliyeniletea kitu hiki, akaniambia, "Mzee, humu herufi unazikuza mpaka zinakuwa kama kibao cha duka, utasoma utake usitake." Nikamcheka, mimi mtu wa gundi na ngozi nisome kwenye kioo. Nikazoea. Kwa miaka kumi na moja nimenunua humu vitabu mia moja na kumi na viwili, kimoja kimoja, na hakuna hata kimoja cha wizi, maana nimekula kwa vitabu maisha yangu yote na najua mwandishi naye ana watoto nyumbani. Pale nilipobonyeza palikuwa pameandikwa "Nunua". Nasema tena, palikuwa pameandikwa "Nunua". Hapakuandikwa "Kodi", wala "Azima", wala "Soma mpaka ufe kisha uturudishie". Leo hao wa kampuni iliyoniuzia wananiambia eti nilichonunua ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa yenyewe nitazikwa nayo. Wanangu, nimejalidi vitabu vya mahakimu na vya wauza samaki, na hakuna hata siku moja niliyomwambia mteja kwamba gundi yangu itaachia siku atakayokata roho. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nimepisha wengi, hawa siwapishi.

Sasa nafika penye donda, nipeni maji kidogo.

Mama yenu alikuwa na akaunti yake, vitabu sitini na vitatu, na mnamjua alivyokuwa, mwalimu wa hesabu hasomi kitu bila kusahihisha. Kila kitabu alikijaza maandishi yake pembeni. Kwenye riwaya ya mapenzi ameandika, "Huyu bwana anadanganya, hesabu ya miaka yake haijumlishiki." Kwenye kitabu cha upishi ameandika, "Mzee usijaribu hii, utatuchomea nyumba." Maisha yake yote yalikuwa humo, hasira zake na vicheko vyake. Alipofariki, barua ikaandikwa kwa kampuni, ya heshima zote, kuwaarifu kwamba mwenye akaunti amefariki na kuomba vitabu vyake wakabidhiwe warithi. Wakajibu kwa mistari minne. Miwili ya pole, mmoja wa kusema leseni haihamishiki, na mmoja wa kusema akaunti imefungwa. Tulipofungua kishikwambi chake palikuwa na rafu tupu na picha ya kitabu kinachotabasamu. Kinatabasamu, wanangu, katika nyumba ya msiba.

Na wewe, binti yangu, ukamgeukia kaka yako mbele ya mkewe na mashemeji, ukamwambia amemuua mama mara ya pili, kwa ukarani wake wa kupenda kupeleka barua kila mahali. Tangu siku hiyo ni miaka minne hamjala meza moja. Akija Karani, wewe unakumbuka una zamu hospitali. Ukija wewe, yeye ana kikao. Mimi nakaa katikati nachambua mchele.

Basi sikieni. Barua ile ni yangu. Nilikaa kwenye kiti hicho ulichokalia, nikasema neno kwa neno, na kaka yako akachapa. Yeye mwenyewe aliniambia, "Baba, tungoje kwanza, tuulizie." Nikamfokea. Nikamwambia kwamba katika kazi yangu mteja akifa na kitabu chake kiko karakana, kitabu hakilali, kinapelekwa kwa watoto wake, na pole unaitoa mlangoni kwa mikono miwili. Nimefanya hivyo mara tisa. Kimoja nilikipeleka kwa miguu, mvua inanyesha, nimekifunga ndani ya shati langu. Nilidhani hawa nao ni watu wa vitabu, kwa hiyo wana ada hiyo. Uungwana ni vitendo, nami nikadhani uungwana unasafiri kwa barua. Nikawapa ufunguo wa nyumba ya mama yenu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaongeza na asante.

Halafu ulipomrukia kaka yako, nilinyamaza. Niliona aibu, na aibu ilipokwisha nikaona nimechelewa, na kila mwezi nikawa nimechelewa zaidi. Karani hakusema. Miaka minne amebeba mzigo wangu bila kuushusha, na ni mtoto gani huyo, na mimi ni baba wa namna gani. Usiinamishe kichwa, Karani. Anayepaswa kuinamisha ni mimi, tena nimeshalala.

Kwa nini nasema leo? Kwa sababu kimebaki kitu. Wiki tatu za mwisho za uhai wake, kishikwambi cha mama yenu kilipasuka kioo, kikawa kinamkata vidole, akawa anatumia changu. Akanunua humu kitabu kimoja, akawa ananitangulia kusoma na kuniachia maneno njiani, arobaini na moja nimeyahesabu. "Ukifika hapa usilie, huyu ng'ombe hafi." La mwisho liko sura ya kumi na tisa, "Nimechoka, nitaendelea kesho." Hayo ndiyo maneno yake yaliyobaki duniani, yamo ndani ya akaunti yangu, na akaunti yangu itakufa siku wakijua nimekufa.

Nimeshaongea na fundi wa simu wa barabara ya pili, yule mama wa miwani mbili, moja ya kuona na nyingine ya kusahau kichwani. Alikuja Jumanne akakiondolea kitabu changu kimoja cha ufugaji nyuki kufuli la kampuni, mbele ya macho yangu, na maandishi yangu ya pembeni akayatoa pamoja nacho, kikasomeka kwenye kompyuta yake bila kumwomba mtu ruhusa. Akasema vingine vinatoka hivyo hivyo, bora akaunti iwe hai na vishushwe vyote kwanza. Mkitaka kujua sheria inasemaje muulizeni wakili, mimi najua nilinunua. Anakuja leo saa kumi. Nakala ziwe mbili, moja kwa kila mmoja wenu. Asiuziwe mtu, asigawiwe mtu, hata rafiki wa kufa na kuzikana, vitabu hivi ni vya nyumba hii na waandishi wake wasipunjwe kwa jina langu. Na maneno ya mama yenu yachapeni kwenye karatasi, yashonwe kwa uzi, si gundi tupu. Mshona viatu atawasaidia.

Mimi sikuwalea kwa uongo. Lakini kunyamaza kwa siku mbili si uongo. Msiwaandikie. Kaburi nichimbieni, watu waambieni, hao msiwaambie.

Sasa kitoeni chini ya mto. Nywila nimeisahau, kinafunguka kwa kidole gumba changu, na kidole chenyewe kisu na gundi vimekisugua, mara mbili kinakataliwa, ya tatu ndiyo kinapokelewa. Mkono hauinuki tena. Karani, shika kishikwambi. Binti yangu, wewe nishike kidole. Hapana, msogelee, hutakifikia ukiwa huko. Kaa karibu na kaka yako.

Mungu awape macho ya kusoma mpaka uzee. Awape watoto watakaowabebea mizigo, na nyinyi muwe na adabu ya kuwatua mapema. Nimewaridhia wote wawili. Mniridhie na mimi.

Kimekataa? Futa kioo. Tena.

Haya, kimefunguka. Taratibu, mwanangu. Msikizime. Fundi akija... mpisheni, yeye akishike kishikwambi, nyinyi muendelee kunishika kidole. Barua yao yoyote msijibu mpaka kitoke cha mia moja na kumi na mbili. Hata nikinyamaza hapa.

Mpaka hapo, mimi ni mzima.