Mwalimu Basil Nikolao na Somo Alilolichelewesha

Wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji poleni na msiba, historia hii familia imempa aisome Dastani huyu mnayemsikia, mtani wa marehemu, ambaye amefika Nampula, Lilongwe na Tanga na kote amerudi na mzigo uleule alioondoka nao, maana mtani haoni haya mbele ya jeneza, na marehemu mwenyewe aliagiza pasifichwe kitu.

Marehemu Mwalimu Basil Nikolao alizaliwa tarehe 14 Aprili 1946 kijijini Chiungutwa, wilaya ya Masasi, akaanza shule hapohapo mwaka 1954, akaendelea Chidya, kisha akasomea ualimu Mtwara na kuhitimu mwaka 1967, akafundisha Masasi, baadaye akahamia Newala, ambako tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na Agatha, ndiye Mama Rose huyu aliyekaa mbele yetu, wakajaliwa watoto wanne, Rose, Christopher, Walter na Josephina.

Mwaka 1996, ruhusa ya shule binafsi ilipolegezwa, wazazi wa Newala walichanga wakafungua shule yao ya msingi, wakamwita awe mwalimu mkuu, na wakati shule za mijini zikijitangaza kwa Kiingereza na kompyuta, yeye alikaa mwaka mzima akitunga mtaala wa kumlea mtoto mzima, kichwa, mikono na moyo, wenye tunu saba, ili mtoto ajue hesabu na ajue pia kusema kweli, kupalilia mkorosho na kumpisha mjamzito kwenye foleni ya maji.

Balaa lake likawa Mwalimu Zuhra Sadallah, binti wa Masasi aliyepewa darasa la pili, kwa sababu mtaala ulipoingia mikononi mwake uliota, wazazi wakawa wanasimuliana kwamba mtoto siku hizi anaosha vyombo bila kutumwa, wakauita mtaala wa Mwalimu Zuhra, na marehemu akilisikia hilo chai ilimshinda, akawa anapita chini ya dirisha la darasa lile akijifanya anakagua mfereji, hadi Mama Rose akamuuliza, "Baba Rose, huo mfereji una nini, mbona hata mvua haijanyesha?"

Tarehe 21 Julai 1999 walikuja wageni wa elimu kutoka mkoani, akawaingiza kwanza kwenye darasa analofundisha mwenyewe, watoto wakazitaja tunu zote saba bila kukwama, mgeni mmoja akauliza ukweli ni nini, mtoto akasimama wima akajibu, "Ukweli ni namba mbili." Chumba cha jirani walimkuta Zuhra amekaa kimya pembeni, watoto wanajadiliana wenyewe juu ya jembe lililovunjika mpini, msichana mmoja akasema, "Nimeuvunja mimi, nilikuwa nachezea, babu atanisaidia kuchonga mwingine," na wageni walipouliza mtaala huu ni wa nani, Zuhra akajibu, "Wa Mwalimu Basil." Siku ile marehemu hakula, akamwambia mkewe, "Mtu huyu hata kunikosea hajui, sasa nimshike wapi?"

Mwaka 2001 figo zilianza kumsumbua, akalazwa hospitali ya Ndanda mwezi Agosti, kamati ya shule ilipomfuata kumuuliza nani aachiwe shule akataja mstaafu mmoja, akamtaja hata Dastani huyu asiyeweza kumfundisha mbuzi kula majani, kisha akageukia ukutani, akasema aitwe Zuhra. Alipofika, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba," halafu bila kuzunguka akamuuliza, "Hebu niambie, wewe unafanyaje?" Zuhra akamweleza kwamba kila somo yeye huanza na kosa lake mwenyewe, huwasimulia watoto siku aliyodanganya, nao husema ya kwao.

Marehemu akasema mtaala wake una pengo, hauna somo la wivu, Zuhra aliandike, na mfano uwe wa mwalimu mkuu aliyemwonea kijicho mwenzake miaka minne. Zuhra akasema ataandika mwalimu fulani tu, naye akakataa, "Andika jina langu lote, watoto wasidhani ni hadithi." Akamkabidhi shule, akaongeza, "Ila hilo usilifundishe vizuri sana."

Alifariki tarehe 6 Septemba 2001, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu wawili. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ndanda, majirani mliopika na kuteka maji, na walimu wenzake mliolala nasi matangani, na Mwalimu Zuhra anawatangazia wazazi kwamba Jumatatu watoto waje shule kama kawaida, kipindi cha kwanza ni somo la wivu.

Mtani wetu, Mwalimu Basil, kazi umeimaliza, pumzika kwa amani.