Mama Clementina na Jina Alilolitamka Mara Mbili

Padri ameniomba nipunguze ukali katika wasifu huu. Nimepunguza. Mtakaousikia ndio uliobaki.

Mama Clementina Kemilembe, dada yangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, Kashozi, Bukoba, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Byabato. Mimi Fortunatus ndiye kitinda mimba, na ni yeye aliyenibeba mgongoni.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kashozi, kisha akasomea ualimu. Alifundisha darasa la kwanza kwa zaidi ya miaka thelathini. Ulipokutana naye sokoni, hata kama una mvi, alikuita kwa jina lako na kukukumbusha kwamba ulikuwa mtundu. Naomba mlikumbuke hilo, maana nitalirudia.

Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa. Mama yetu alitulea tukijua kwamba mke halitamki jina la mumewe, ni utovu wa adabu. Sasa pale altareni jina ni lazima. Dada alilisema kwa sauti ndogo mno, padri ikabidi ainame ndipo amsikie, kanisa zima likacheka. Tangu siku hiyo, kwake shemeji yangu alikuwa "Baba Dative", hata kabla binti yao Dative hajazaliwa.

Mwaka 2004 walikuja Toronto kumsaidia Dative kulea watoto. Waliishi Flemingdon Park, na nyumba yao haikukosa mgeni wala ndizi za kupika. Mwaka 2021, magoti yalipowasumbua, walihamia makazi ya wazee huko Scarborough. Ghorofa ya kwanza ni ya wanaojipikia wenyewe, ya pili ni ya wanaosaidiwa kuoga na kuvaa, ya tatu ni ya wauguzi. Ya nne, mlango wake unafunguliwa kwa namba za siri, ni ya waliopoteza kumbukumbu. Walipewa chumba cha watu wawili ghorofa ya kwanza, na walifurahi.

Mwezi Mei mwaka jana nesi alikuja kumpima dada akili. Dative alikuwa kazini, kwa hiyo Ella, mjukuu wa dada, alikaa naye kutafsiri.

"Mume wako anaitwa nani?"

"Baba Dative."

"Jina lake hasa?"

"Baba Dative."

"Bibi, please, just say his name," Ella akambembeleza.

Dada akainamisha kichwa, akanyamaza. Nesi akahitimisha kwamba mama huyu hamjui tena mume wake. Wiki hiyo hiyo wakampandisha ghorofa ya nne. Mwalimu aliyewajua wanafunzi wake wote kwa majina! Ella simlaumu, hakuna aliyewahi kumweleza. Dative, mwanangu, wewe nakulaumu kidogo. Walikuambia ni kwa usalama wake, ukaitikia. Lakini hasira yangu kubwa ni kwa wale waliompima mtu bila kuuliza kwao wanaishije.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekasirika kuliko mimi.

"Fortu, kale katoto kananiuliza jina la Baba Dative! Mbele ya mjukuu wangu!"

Nikamweleza kwamba amefungiwa kwa sababu ya kunyamaza kule.

"Kwa hiyo nikilisema, nitarudi chini kwake?"

"Utarudi, dada."

Nesi alirudi mwezi Agosti, nami nilikuwepo. Dada alijifunga kitenge vizuri, akakaa wima, akalisema. Cyprian. Kisha akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa aibu. Nesi akampigia makofi. Akatuambia amefaulu vizuri sana, ila chumba cha watu wawili kimeshapewa wengine, Baba Dative amehamishiwa cha mtu mmoja, basi tusubiri kipatikane kingine.

Tulisubiri. Nilipiga simu mpaka wakaijua sauti yangu. Baba Dative aliruhusiwa kupanda saa za kutembelea wagonjwa, akibisha hodi kwa mke wake mwenyewe kama mgeni.

Mwezi Januari dada alishikwa na homa ya mapafu. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, ghorofa ya nne. Walimpigia simu Dative. Baba Dative alikuwa jengo hilo hilo, chini, anakunywa chai, na hakuna aliyemwambia mpaka binti yake alipofika kutoka mjini. Hilo sijalisamehe, na leo sijaribu.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu sita na mimi mdogo wake. Mume wake anaitwa Cyprian Mutashobya. Nalitaja mimi, kwa sauti, mbele yenu nyote, ili yeye asiulizwe tena.

Pumzika kwa amani, dada. Baba Dative yuko hapa, amekaa mbele.